Shukrani kwa afande muuguzi, kutoka kijiwe cha bodaboda Ihumwa, Dodoma

Afande, jina hukutuachia, ila somo la kuzuia damu limebaki. Mkono au mguu ukivuja sana, funga mkanda mpana, vidole vinne kutoka kwenye jeraha kuelekea upande wa moyo, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Fungia kijiti kwenye mkanda huo, kisha kizungushe kuukaza mpaka damu ikome kabisa. Ukilegea, unaziba mishipa inayorudisha damu tu, huku moyo ukiendelea kusukuma, na jeraha linazidi kuvuja. Kamba ya katani hapana, inakata nyama. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso, wala usilegeze njiani hata majeruhi akipiga kelele. Wahi hospitali kabla ya muda wa masaa mawili kupita. Wauguzi wa dharura wa jeshini haya mnayajua usingizini. Sisi tulikuwa tunafunga leso! Ahsante sana, afande.