Macho kwa mwalimu, masikio kwa kinanda

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenichekesha, hasa pale unapomlalamikia mwalimu wenu wa kwaya kwamba hajui anachotaka. Mara anawakemea, "Msikifuate kinanda!" Mara anawakemea tena, "Mbona hamkisikilizi kinanda?" Mama, mwalimu wako hajichanganyi. Anasema mambo mawili tofauti, ila hajawafafanulia, na hiyo ni tabia ya walimu wengi wa kwaya: wakishalijua jambo wanadhani kila mtu amezaliwa nalo.

La kwanza ni mwendo wa wimbo. Hadi sasa umeimba na kinanda kidogo kilichowekwa kando ya kwaya, ukibonyeza kinalia papo hapo. Kinanda cha mabomba mtakachoimba nacho kwenye tamasha, kile kinacholia kwa upepo unaopulizwa ndani ya mabomba, hakiko hivyo. Mpigaji anaweza kukaa mahali pamoja na mabomba yakawa mahali pengine kabisa, juu ukutani au nyuma ya wasikilizaji. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mabomba yakiwa umbali wa mita 30, noti inawafikia ikiwa imechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Mkingoja muisikie ndipo muimbe, mmeshachelewa, na kwaya nzima itaburuza. Ndiyo maana mpiga kinanda ana kioo au skrini ndogo mbele yake: anautazama mkono wa mwalimu na kupiga kwa mkono huo, hata kama masikio yake yanamwambia vingine. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Mwendo unaonwa, hausikilizwi.

La pili ni usawa wa sauti, yaani kuimba noti juu au chini kiasi kile kile cha kinanda, na hapo ndipo masikio yanapohitajika. Bomba halibembelezeki. Sauti yake ikishapangwa imepangwa, na kitu pekee kinacholisogeza usiku wa tamasha ni joto. Ukumbi ukijaa watu na joto likapanda digrii tano, kasi ya sauti hewani inaongezeka kama mita tatu kwa sekunde, na sauti ya mabomba inapanda nayo. Kwaya inayoimba bila chombo huwa na tabia ya kinyume, inashuka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Kisha kinanda kinaingia, na ukumbi mzima unajua. Hakitawafuata mlipo, ninyi ndio mtakaokwenda kilipo.

Wewe unayeimba sauti ya pili, usitafute usawa wako kwa wale wa sauti ya kwanza. Utafute chini, kwenye noti zinazopigwa kwa miguu. Mabomba marefu kabisa ya safu hiyo, katika vinanda vikubwa, hufika karibu mita 10, na noti yake ya chini hutetemeka mara 16 tu kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio la kawaida hutambua kama sauti. Utaisikia zaidi kwenye nyayo na kifuani. Ukiegemea hapo, hutayumba.

Kuhusu kumezwa na kinanda: msishindane nacho. Upepo wake unatoka kwenye feni, wako unatoka kwenye mapafu, na feni haichoki. Mwenye jukumu la kupunguza ni mpigaji, kwa kufunga baadhi ya safu za mabomba. Kazi yenu ni konsonanti. Katika ukumbi wenye mwangwi mrefu irabu zinajibeba zenyewe, lakini "t" na "s" zisipotamkwa na wote kwa mpigo mmoja, maneno yanageuka uji. Pumzi nazo pokezaneni. Wewe na jirani yako msivute pamoja katikati ya sentensi ndefu.

Nimefurahi kwamba mnaimba Requiem, misa ya kuwaombea wafu, ya mtunzi Mfaransa Fauré. Iliimbwa mara ya kwanza mwaka 1888 katika kanisa la Madeleine mjini Paris, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa kwaya, na inajulikana kwamba kazi hii iliandikwa na mtu aliyewaelewa waimbaji. Angalia mwanzo wake: noti moja nzito yenye nguvu, halafu ninyi mnaingia kwa sauti ya chini sana. Waimbaji wengi hushtushwa na ile nguvu wakaingia kwa kishindo. Katika sehemu iitwayo Offertoire ninyi wa sauti ya pili ndio mnaoanza pamoja na teno, wanaume wa sauti ya juu, basi hapo hakuna pa kujificha. Na katika sehemu ya mwisho, In Paradisum, mtangoja muda mrefu huku sauti ya kwanza wakiimba. Hesabu kimoyomoyo. Usimtegemee jirani, huenda naye anakutegemea wewe.

Umeandika pia kwamba mpigaji atakapopiga peke yake muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani, mtakaa "bure". Mwaka 1705 Bach, akiwa kijana wa miaka 20, alitoka Arnstadt, alikokuwa mpiga kinanda wa kanisa, hadi Lübeck, umbali wa kilomita 400 hivi, na inasemekana kwa miguu, ili akamsikilize Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa huko. Aliomba ruhusa ya wiki nne akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakuu wake wa kanisa walimhoji kuhusu kuchelewa, wakaongeza lawama nyingine: kwamba anachomeka noti za ajabu katika nyimbo hadi waumini wanachanganyikiwa. Kwa hiyo malalamiko yako dhidi ya wapiga vinanda yana ukoo mrefu! Lakini keti wima, usinong'one, na mtazame miguu ya mpigaji kama mnakoketi panaruhusu. Wasikilizaji wanawaona muda wote, na kwaya inayopiga gumzo wakati wa kinanda inawafundisha nao wapige gumzo.

Mazoezi ya mwisho ukumbini yakifika, mwombe mwalimu mmoja wenu ashuke akasimame nyuma kabisa asikilize. Mnakosimama hamwezi kujua nani anamfunika nani. Akikataa, mwombeni tena. Kisha niandikie mmepangwa wapi, upande wa mabomba au mbali nayo, nijue nikae kiti gani.

Baba yako