Barua ya wazi kwa walimu vijana: msiwafundishe watoto haki halafu mkawanyima kuuliza

Wanangu walimu, na nyie mnaosimamia klabu za haki mashuleni, na mzazi yeyote atakayepitia hapa,

Marahaba kwanza, maana najua mtaniamkia. Nimefundisha miaka 34, sasa nimestaafu, na nilishajiapiza kwamba sitawaingilia kwenye kazi yenu kwa sababu nakumbuka wazee walivyokuwa wanatuingilia sisi. Ila kuna kitu nimekiona mwezi uliopita, kimenikwama kooni hakipandi hakishuki, wacha nikiseme tu.

Nilialikwa shule moja kwenye sherehe ya klabu ya haki za binadamu. Shule siitaji. Nikakalishwa meza kuu, watoto wakaghani ngonjera safi sana, wamevaa fulana mpya zimeandikwa Haki Yangu, wanataja vifungu vya Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za binadamu la 1948 kwa namba, cha 1, cha 5, cha 12, cha 19, bila kukosea hata kimoja, mgeni rasmi anapiga makofi, na mimi mwenyewe machozi yananilengalenga. Ikaja zamu ya maswali. Akasimama binti mmoja wa darasa la sita hivi, daftari kalibana kifuani, akasema, "Kifungu cha 12 kinasema mtu asiingiliwe faragha yake. Mbona choo cha wasichana hakina mlango tangu mwaka jana?"

Kimya. Mwalimu mwenye maiki akacheka, akasema huyu naona jua limemchosha, kaa chini, hayo tutaongea wenyewe baadaye. Muziki ukawekwa fasta. Nikajisemea moyoni sawa, labda kweli wataongea. Baadaye wageni tukaitwa kula, nikazunguka nyuma ya madarasa kutafuta maji ya kunawa, nikamkuta yule binti kapigishwa magoti kwenye kokoto, mikono juu, na ile fulana ya Haki Yangu bado iko mwilini. Nikamnyanyua, nikampangusa magoti, kokoto zimeacha vishimo kwenye ngozi. Akaniambia bila kuniangalia, "Samahani babu, sitauliza tena."

Sijalala vizuri tangu siku ile, nawaambia ukweli.

Jamani hebu tuangalie kilichotokea pale. Mtoto kafanya kile kile tulichomfundisha. Kachukua kifungu, kakitoa kwenye ngonjera, kakiweka kwenye maisha yake, na hicho ndicho kila mwalimu wa somo lolote anachokiombea usiku na mchana. Angekuwa kafanya hivyo kwenye hesabu tungempa zawadi. Na kifungu cha 5, ambacho wenzake walikuwa wametoka kukighani nusu saa iliyopita, kinakataza mtu kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha. Sasa darasa zima liliona mwenzao anatolewa pembeni, na ndilo somo walilobaki nalo: haki ni za kughani mbele ya wageni, ukizitumia unapiga magoti. Ngonjera wataisahau, hilo hawatalisahau.

Mtaniambia aliaibisha shule mbele ya wageni. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, yule binti alikuwa anatafuta kupona, sisi tukaona bora funika kombe mwanaharamu apite. Aibu ilikuwa ni ule mlango ambao haupo, na ilikuwepo kabla mtoto hajafungua mdomo.

Msidhani nawasema nyie tu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilirudisha karatasi za mtihani, kijana mmoja akaja mezani kwangu akasema mwalimu umekosea kujumlisha. Nikamchapa. Nikamwambia hiyo ni ya kujifanya unajua kuliko mwalimu. Jioni nikajumlisha upya peke yangu, alikuwa sahihi, nilikuwa nimempunja alama 9. Nikazirekebisha kwenye rejista kimya kimya na sikumwambia neno, wala sikumwomba radhi, maana nilifundishwa kwamba mwalimu akiomba radhi darasa linamshinda. Yule kijana alikaa shuleni miaka miwili mingine na sikuwahi kuuona mkono wake juu tena. Kwa alama nilimlipa, ila ule mkono sikuweza kuurudisha. Ndiyo maana niliposikia "sitauliza tena" nilijua kabisa maana yake, kwa sababu yule wangu hakusema lakini alifanya.

Sasa kuna wale wanaosema ukiwafundisha watoto haki wanakuwa jeuri. Nimelisikia hilo kwenye ofisi za walimu maisha yangu yote. Jeuri ni nini? Mtoto anayetukana, anayempiga mwenzake, anayeharibu mali, huyo mkanye, na mumkanye kwa hizo hizo haki, mwambie mwenzako naye ana utu wake. Lakini anayesimama kwa adabu, anataja kifungu, anauliza mbona hakuna mlango, huyo ni jeuri kwa kipimo gani? Na wajibu haujasahaulika kama mnavyodai, Azimio lenyewe kifungu cha 29 kinataja wajibu wa mtu kwa jamii yake, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 umeuwekea vifungu vitatu, 27 mpaka 29. Soma mpaka mwisho basi. Wengi tunaobishana hatujafika hata kifungu cha 10.

Na nidhamu haijakatazwa popote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unasema nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Kile cha 12 cha mkataba huo huo, angalieni namba, 12 tena, kinasema mtoto atoe maoni yake kwenye mambo yanayomhusu na yasikilizwe kulingana na umri wake na alivyokomaa. Choo hakimhusu? Kinamhusu nani basi, mgeni rasmi?

Kuna kitu kimoja napenda sana kukisimulia. Lile Azimio lilipokuwa linaandikwa, kulikuwa na mama mmoja kutoka India, Hansa Mehta. Kwa Kiingereza kifungu cha kwanza kilikuwa kimeandikwa kwa neno linalosomeka kama wanaume wote wamezaliwa huru. Yeye akasimama akakataa, akasema kuna nchi zitalisoma hivyo hivyo lilivyo na wanawake wataachwa nje, mpaka likabadilishwa likawa binadamu wote. Sisi kwa Kiswahili tunasoma "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa" wala hatujui kwamba kulikuwa na ubishi hapo, maana neno letu mtu lina wote ndani. Tarehe 10 Desemba 1948 kule Paris nchi 48 zikapiga kura ya ndiyo, 8 zikajizuia, hakuna iliyosema hapana. Sasa fikiria yule mama angeambiwa kaa chini, jua limekuchosha. Na wakati huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliomba Azimio lisambazwe, libandikwe, lisomwe na lifafanuliwe hasa mashuleni. Kubandika mmebandika, kusoma mmesoma, kufafanua bado, na mtamfafanulia vipi mtu asiyeruhusiwa kuuliza?

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukatoa tamko mahsusi la elimu hii ya haki, na ndani yake kuna mambo matatu. Kufundisha kuhusu haki, yaani vifungu na historia yake, hilo mnalo. Kufundisha kwa njia inayoheshimu haki za anayefundisha na anayefundishwa. Na kumpa mtu uwezo wa kuzitumia na kutetea za wengine. Hili la pili ndilo ninalolilia kwenye barua nzima. Darasa lenyewe ndiyo kitabu. Mtoto anasoma namna unavyoita majina, unayemcheka, unayemruka kwa sababu anaongea kwa shida au hasikii vizuri, fimbo uliyoiegesha ubaoni wakati unaandika neno utu. Anasoma vyote.

Mengine nayataja tu, nyie ni watu wazima mtayamaliza wenyewe. Someni Azimio lote kabla ya kulifundisha, vifungu ni 30 tu, saa moja haiishi. Wapeni watoto kwa lugha wanayoielewa. Msiligeuze kuwa somo la mtihani peke yake. Sheria za darasa tungeni nao, na nyie ziwabane. Sanduku la maoni likiwepo lifunguliwe, na majibu yasomwe mstarini.

Na sisi jamii tusijifiche nyuma ya walimu, maana mtoto huyo akirudi nyumbani akiuliza anaambiwa unamjibu mkubwa? Mtu mzima anakamatwa na hajui kwamba anaruhusiwa kuuliza kosa langu ni nini. Mama anazungushwa ofisini siku nne kwa karatasi ambayo ni haki yake, na akiipata anashukuru kama kafadhiliwa. Hawa wote walipita madarasani kwetu! Tuliwanyamazisha wakiwa wadogo, tusishangae leo wamenyamaza. Umoja wa Mataifa ulitenga muongo mzima wa elimu ya haki, 1995 mpaka 2004, halafu 2005 ukaanza mpango wa dunia na awamu ya kwanza ilielekezwa kwenye shule za msingi na sekondari. Karatasi zipo tele. Ila nyingi zinaishia kwenye semina, watu wale wale, bango, picha ya pamoja, posho, ripoti, tunarudi nyumbani, na choo kiko vile vile. Inaniuma kwa sababu na mimi hizo semina nimekaa, posho nimesaini.

Wanangu, nawapenda na najua mzigo wenu. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi, mshahara unaujua mwenyewe, na pengine mwalimu yule mwenye maiki alijua kabisa kwamba swali lile likimfikia mgeni rasmi yeye ndiye atakayeitwa ofisini kesho yake. Mwalimu asiye na haki ya kusema atamfundisha nani kusema? Wakuu wa shule, hilo ni lenu, lichukueni.

Na wewe mwalimu wa maiki, ikikufikia hii utajijua. Sijakutaja na sitakutaja. Naomba kitu kimoja tu, kile ambacho mimi sikukifanya kwa yule kijana wangu. Mwite yule binti mbele ya darasa lile lile lililoona anatolewa, mwambie swali lako lilikuwa zuri, nisamehe. Halafu nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu mkauliza huo mlango unakuja lini.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu