Njia ya kupita watu si mahali pa kuhifadhia kokoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Nyumba yangu inapakana na njia ya waenda kwa miguu, na huu ni mwezi wa tatu lundo la kokoto limelala katikati yake. Mwenyewe alisema ni la siku mbili. Majani yameshaota juu yake.

Sisi wenye miguu mizima tunageuza bega, tunapita. Juzi alifika pale jirani yangu anayetumia kiti cha magurudumu. Gurudumu dogo la mbele likazama kwenye kokoto. Akarudi nyuma, akajaribu tena, likazama tena. Mwishowe akashuka barabarani, magari yakimjia mgongoni. Nilitoka na futi kamba nikapima nafasi iliyobaki: sentimita 55. Kiti kile kinahitaji walau sentimita 90 kipite bila mwenyewe kuchubuka mikono, na viwili vikipishana ni karibu sentimita 180.

Hapa hakuna anayeomba hisani. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinazitaka nchi wanachama ziondoe vikwazo kwenye majengo na barabarani pia.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya wetu. Nilipouliza ofisi inayohusika, niliambiwa hakuna lalamiko hata moja lililowahi kufika. Miezi mitatu, mtaa mzima! Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema. Tena kusema kwa mdomo hakutoshi, maneno hupotea. Andika mahali penyewe, tarehe na vipimo, weka na picha inayoonyesha kizuizi pamoja na upenyo uliobaki, kisha udai namba ya kumbukumbu ili ukirudi usianze upya. Mwenye mali naye aambiwe kwanza kwa upole, maana wapo ambao kweli hawajaona madhara. Ila usishike koleo ukazisomba mwenyewe hata hasira ikikupanda. Mali ni ya mtu, na kesi inaweza kukugeukia.

Siku ile ile niliyopima ndipo nilipoona matawi ya mti wangu yamevuka ua na kuning'inia njiani, usawa wa uso. Asiyeona hupapasa chini kwa fimbo yake, kwa hiyo tawi la juu hulijua likishamchapa. Nilikuwa nikipita chini yake kila asubuhi nikiinamisha kichwa bila kuwaza. Niliyakata kabla jua halijazama.

Kokoto bado zipo. Ofisi husika sasa ina barua yangu, picha na vipimo. Naisihi ije izitoe kabla gari halijamkuta jirani yangu barabarani.

Msomaji wako