"Kidogo tu" cha dirisha la malipo

Mhariri,

Kila bajeti inapokaribia hurudi wazo lile lile: wananchi wachangie "kidogo tu" matibabu. Mimi ni karani mstaafu wa dirisha la malipo katika kituo cha afya, basi niruhusu niseme hicho kidogo kinafanya nini. Mama anafika na mtoto mgongoni, anasoma bei ya kadi ukutani, anafungua fundo la leso, anahesabu, analifunga tena. Haombi msamaha wa ada, ingawa kanuni inauruhusu. Nani atangaze ufukara wake mbele ya foleni nzima? Anaondoka. Kwenye daftari langu hayumo, na ripoti inasema wagonjwa wamepungua!

Hayo si mageuzi mapya. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilizibana nchi nyingi maskini zipunguze matumizi, ada zikaingia zahanati na shule. Uganda ilizifuta katika vituo vya umma mwaka 2001. Wagonjwa wakafurika, maskini wakiwa mbele, na dawa zikawa haba. Hilo la dawa ndilo watetezi wa ada hulishikia bango, kana kwamba upungufu unatibiwa kwa kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Tangu 1990 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hupima maendeleo kwa umri wa kuishi, elimu na kipato. Wachumi wetu huona kipato tu. Safari hii waziri wa fedha aambatanishe na pendekezo la ada fungu la kununulia dawa, kwa tarakimu, kabla wabunge hawajapiga kura.

Karani mstaafu