Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Fomu ya ukaguzi imtazame mwanafunzi

Mheshimiwa Waziri,

Mkaguzi akiingia darasani hufungua andalio la somo, huangalia mada imefika wapi, kisha hupekua daftari mbili tatu kuona kama nukuu zimejaa. Mwalimu anayejua atapimwa hivyo huongea dakika 40, hujaza ubao, na wanafunzi hunakili. Hatumlaumu. Tunachoomba ni fomu hiyo ibadilishwe.

Ubaya wa kusikiliza na kunakili ni kwamba humpa mwanafunzi hisia ya kuelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipa kundi moja la wanafunzi makala fupi waisome mara mbili. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likaandika yale liliyoyakumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Freeman na wenzake nao, mwaka 2014, walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: waliofeli walikuwa takriban asilimia 34 kwenye mihadhara na 22 kwenye madarasa shirikishi. Hizo ni takwimu za vyuo, kwa hiyo tusizihamishie shule ya msingi kama zilivyo, ila mwelekeo wake uko wazi.

Sasa, "mbinu shirikishi" imekuwa jina la kupanga madawati kwa duara. Kundi la watu 8 lina mwandishi mmoja, wabishi wawili na watazamaji watano. Na ile "Ndiyooo!" ya darasa zima haimwambii mwalimu lolote, kwa sababu asiyeelewa naye huitikia.

Lipo zoezi la dakika 8 hivi linalofaa hata darasa la watu 70, kwa chaki tu. Mwalimu anaandika: 1/2 + 1/3 = ? (1) 2/5, (2) 2/6, (3) 5/6, (4) 1/5. Kila jibu baya limetokana na kosa halisi. Wa 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wa 2/6 amepata asili (namba ya chini) sahihi akasahau kubadili viasi (namba za juu). Wa 1/5 amejumlisha asili peke yake. Majibu mabaya yakibuniwa ovyo, hayamwonyeshi mwalimu penye tatizo.

Kwanza kila mmoja anafikiri kimya na kuandika namba ya jibu lake daftarini, dakika moja. Kisha wote kwa pamoja wanaonyesha namba hiyo kwa vidole kifuani, si juu hewani, maana vikipanda juu wa nyuma huwaigiza wa mbele. Mwalimu anakadiria. Eric Mazur, profesa wa fizikia aliyeueneza utaratibu huu wa kura, hutumia kipimo hiki: waliopatia wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya, wakizidi 70, fafanua kidogo uendelee, wakiwa katikati, kila mtu amshawishi jirani yake kwa dakika 2, kisha kura ya pili. Jibu sahihi lisitajwe kabla ya kura hiyo. Likitajwa mapema mjadala hufa, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi. Kosa la pili ni haraka: mwalimu huuliza na kujijibu ndani ya sekunde moja, ilhali kungoja sekunde 3 tu huongeza idadi ya wanaojibu na urefu wa majibu.

Gharama ipo, na wizara isiifiche. Mada zitakwenda polepole, kwa hiyo azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) lipunguzwe kabla ya kumwagiza mwalimu lolote. Malalamiko pia yatakuja: katika utafiti wa Deslauriers na wenzake wa mwaka 2019, wanafunzi wa fizikia walijifunza zaidi kwa kushiriki, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Walimu waambiwe hilo mapema, na wazazi pia.

Kwenye fomu, tunaomba nafasi ya "wingi wa nukuu" ichukuliwe na maswali matatu: Kila mwanafunzi alitoa jibu lake mwenyewe mara ngapi katika kipindi? Mwalimu alibadili nini baada ya kuyaona majibu? Wanafunzi watatu waliochaguliwa na mkaguzi, daftari zikiwa zimefungwa, wanaweza kueleza nini kuhusu somo la wiki iliyopita?

Wako katika kazi,
Wakufunzi wa walimu