Malalamiko kuhusu mchoro wa njia za waya za taa za upenuni

Nyali, Mombasa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

MINT: MCHORO MBOVU WA WAYA, TAA ZA KUDUMU ZA NJE

Baada ya salamu,

Tuliwalalamikia kwamba taa za upenuni zinametameta, na za mwisho zinawaka nyekundu badala ya nyeupe. Jibu lenu kwamba taa 50 za mwisho zimeungua na tununue seti nyingine hatulikubali. Taa ni nzima. Zikiunganishwa kwa waya fupi moja kwa moja na pawa saplai (kifaa kinachoshusha umeme wa volti 240 hadi 12) zinawaka nyeupe, kama zilivyotoka kwenye boksi. Kibovu ni mchoro wenu wa njia za waya, na seti mpya ikifungwa kwa mchoro uo huo itakuja na wekundu uo huo.

Upenu una mita 45 na taa 150. Kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula wati 0.72, jumla ni wati 108, yaani ampea 9 kwa volti 12. Mchoro unaweka pawa saplai gerejini, kisha mita 12 za waya ya 1.5 (unene kwa milimita za mraba) hadi taa ya kwanza, na umeme wote unaingilia upande mmoja. Kwenda na kurudi ni mita 24 za shaba, na kwa ampea 9 hapo zinapotea volti 2.5 kabla ya kufika taa ya kwanza. Tulipima taa zote zikiwa nyeupe: pawa saplai 12.1, taa ya kwanza 10.5, taa ya mwisho 6.9. Upungufu wa mwanzo ni mdogo kuliko hesabu kwa sababu taa za mbali zimekosa nguvu na hazivuti tena ampea zake. Ndani ya kila taa, vipande vitatu vya rangi moja vimeungwa kwa kufuatana: vya buluu na kijani vinataka karibu volti 9, vyekundu kama 6, na nyeupe ni mchanganyiko wa rangi hizo tatu. Kwa hiyo nyeupe yenu inaanza safi gerejini, inakuwa rangi ya chai ya maziwa juu ya sebule, na inaishia nyekundu kwenye pembe ya chumba cha wageni.

Umeme wa volti 240 ndio upelekwe mbali, wa volti 12 uende karibu. Mzigo huu wote kwa volti 240 ni kama nusu ampea tu, waya ya 1.5 haitauhisi. Pawa saplai ihamie stoo, katikati ya nyumba, mita 4 chini ya upenu. Kutoka hapo zitoke jozi tatu za waya ya 4, kila jozi na fyuzi yake ya ampea 5, ziingie kwenye mnyororo wa taa kwenye mita 7.5, 22.5 na 37.5. Kila jozi italisha taa 50, ampea 3. Jozi ndefu ni mita 19, na hasara yake ni nusu volti. Pawa saplai yenyewe iwe ya wati 150. Ile ya 120 mliyoleta inabeba asilimia 90 ya uwezo wake, tena imefungiwa darini mwa gereji chini ya mabati, na joto la adhuhuri la Mombasa mnalijua.

Taa kumetameta nako kunatokana na mchoro huo huo. Waya ya ishara inasafiri mita 12 kutoka kontrola (kifaa kinachoziamuru taa rangi ya kuwaka) hadi taa ya kwanza, na ishara ile ni dhaifu, ilikusudiwa kuruka kutoka taa hadi taa. Kontrola ikae stoo pamoja na pawa saplai, iwe na matokeo mawili, moja kushoto na moja kulia. Fundi wenu akumbuke mishale iliyo mgongoni mwa taa: ishara hupita upande mmoja tu, kwa hiyo nusu ya upande wa gereji lazima ikatwe na kugeuzwa. Akisahau, taa 75 zitabaki giza, nasi tutaambiwa tena zimeungua.

Maungio ndiyo yaliyotuudhi zaidi. Tulifungua moja juu ya baraza: waya zimesokotwa kwa mkono, zikazungushiwa tepu nyeusi. Funika kombe mwanaharamu apite. Shaba ndani imekuwa kijani, na kijani hicho kimepanda chini ya ganda la plastiki kiasi cha kidole. Nyumba inatazama bahari. Kusi ikivuma, mvua haidondoki, inapigwa ubavuni ikiwa na chumvi. Boksi zenu zimetobolewa juu, kwa hiyo zinateka maji. Tunataka waya iliyopakwa bati, maungio ya kulehemu yaliyovikwa mpira wa kubana wenye gundi, boksi za IP67 (zisizoingiza vumbi wala maji) zinazoingiza waya kwa chini kupitia glandi, yaani kizibo kinachoibana waya, na waya ilegee kidogo chini ya kila tundu ili tone lidondokee hapo. Skurubu ziwe za chuma cha pua cha 316, aina inayostahimili chumvi. Zilizopo zimeshachora michirizi ya kutu kwenye ukuta mweupe.

Waya ya taa za lango inabeba 240, lakini ni twin, waya bapa ya ndani ya nyumba, imelazwa juu ya vipande vya matumbawe chini ya matofali ya kabro. Ing'oeni. Iwekwe kebo ya deraya, yaani iliyovikwa nyaya za chuma, kina cha sentimita 60, juu ya mchanga, pamoja na breka ya kukata umeme unaovuja, milliampea 30. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi nchini, aache cheti.

Tunawapa siku 14 kuleta mchoro mpya wenye vipimo vya kila njia, na kuifanya kazi upya kwa gharama yenu. Hadi hapo salio la malipo tunalizuia, na swichi ya lango tumeizima.

Wenu waaminifu,

Wenye nyumba