Mtoto Wako Si Macho Yako: Barua ya Wazi kwa Kina Mama Wasioona wa Kisumu na Magharibi

Mabinti zangu,

Nawasalimu nyote mnaolea bila kuona, mlioko Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia na Bungoma, mnaokaa mjini na mnaokaa bomani. Surua ilinichukua macho nikiwa mdogo, nikakua, nikaolewa, nikalea watoto wangu papa hapa Manyatta. Sasa nina wajukuu, na mtaa mzima huniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Niiteni hivyo nanyi.

Nina jambo moja ninalotaka mlishike. Ukijifungua, watu watakujia na maneno mawili. Mtoto akiwa mchanga watasema hutamweza, mpeleke kwa nyanya yake akalelewe huko. Akifika miaka minne au mitano, watu wale wale watakupongeza: Mungu amekukumbuka, sasa umepata macho ya kukuongoza. Neno la kwanza linakunyang'anya mtoto. La pili linamnyang'anya mtoto utoto wake. Yakatae yote mawili, hata yakitoka kwa watu wanaokupenda.

Kuyakataa kunaanzia wodini. Wako wauguzi wazuri sana, na wako wanaoongea na aliyekusindikiza kana kwamba wewe hupo: "Mwambie amnyonyeshe." Jibu wewe. Sema, "Nishike mikono unionyeshe." Omba mikono yako ipelekwe kwenye kitovu ujue kinavyosafishwa, kwenye kidevu cha mtoto ujue kinakaaje akinyonya vizuri, kwenye utosi ujue ulaini wake. Usikubali kutoka hospitali ukiwa umeelezwa tu kwa mdomo.

Na wakwe au ndugu wakianza kupanga mtoto aende wapi bila kukuuliza, wajue kuna sheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 23 cha mkataba huo kinasema mtoto hatatenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu wa mzazi. Katiba yetu ya 2010 inafanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi, na kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, baba na mama wakibeba jukumu sawa. Nyanya akija kusaidia, mkaribishe kwa mikono miwili. Aje yeye kwako, akae, akuoshee nguo, apike. Mtoto abaki kwako.

Kazi yenyewe inawezekana, na wengi wenu mnaijua kuliko wanaowashauri. Kidole cha shahada kikikaa kwenye kidevu cha mtoto, kijiko cha uji hakikosi mdomo. Viatu vinavyolia vinakuambia aliko. Akinyamaza ghafla ndipo unainuka. Jiko lipe kona moja na usilihamishe kamwe, weka benchi katikati, na anayetambaa akae upande wa pili. Mafuta ya moto yangoje mtoto alale au awe kwa mtu mzima mwingine. Chupa ya chai iwe juu ya kabati, si mezani penye kitambaa cha kuvuta.

Dawa ndiyo inayowatia hofu zaidi, na mna haki ya kuogopa. Usipime dawa ya maji kwa kukisia kwenye kijiko. Nenda duka la dawa na sirinji isiyo na sindano. Mwambie mwuza dawa avute maji hadi kipimo cha mtoto wako, kisha kwa wembe akate alama ndogo kwenye ule mti wa kusukumia, pale unapotokea kwenye ukingo wa sirinji. Nyumbani utavuta dawa polepole, ukucha wa kidole gumba ukiwa umekaa ukingoni, na alama ikifika kwenye ukucha unasimama. Sukuma kidogo utoe hewa, vuta tena hadi alama, mpe mtoto pembeni mwa shavu. Kila dawa iwe na sirinji yake, imefungwa kwa raba kwenye chupa yake. Mtoto akiongeza uzito kipimo hubadilika, kwa hiyo unarudi kwa sirinji nyingine na alama nyingine. Ukiwa na hii huhitaji kumwita dada yake wa miaka saba akusomee chupa usiku. Na mtoto wa miaka saba asibebeshwe jukumu la kupima dawa ya mdogo wake. Akikosea, atabeba hatia hiyo maisha yake yote.

Yako mambo ambayo mikono haiwezi kukuambia, na hayo tuyaseme wazi. Rangi ya manjano ya mtoto mchanga. Upele usioinuka. Damu chooni. Kwa haya tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, jirani au mama wa kanisani, mpatane kabisa kwamba kila asubuhi katika wiki za kwanza atapita amtazame mtoto kwenye mwanga wa jua. Mhudumu wa afya wa kijiji pia ni wa kumwita. Ninasisitiza mtu mzima.

Macho ya mtoto nayo yatazamwe. Wengi wenu mnalala na swali hilo na hamliulizi: je, naye atapofuka? Upofu unaotokana na surua, ajali au trakoma haurithiwi. Aina nyingine hurithiwa, zikiwemo baadhi za mtoto wa jicho na za presha ya macho, kwa hiyo mwambie daktari kilichokupofusha wewe. Kila mkienda kliniki mwombe muuguzi amwangalie mboni. Weupe ndani ya mboni hutaugusa wala kuunusa, na unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa hutibika. Ukionekana, usingoje miadi ijayo. Mpeleke hospitali ya macho. Upande wetu kuna Sabatia kule Vihiga. Na chanjo ya surua msiikose: miezi 9, kisha tena miezi 18. Vitamini A hutolewa kila miezi 6, kuanzia akiwa na miezi 6 hadi atimize miaka 5. Mimi nilizaliwa kabla chanjo haijafika kwetu. Watoto wenu imewafikia, wapeni.

Sasa nije kwenye lile neno la pili, maana hapo ndipo ninaona tunaumia zaidi, na mara nyingi sisi wenyewe tumelikubali.

Mtoto wa mama asiyeona hujifunza mapema. Kabla hajafika miaka miwili atakuwa anakuwekea kitu mkononi badala ya kukuonyesha kwa kidole, na atasema "ndiyo" badala ya kutikisa kichwa. Hilo ni zuri, lipongeze. Akikua utamtuma chumvi dukani kama watoto wote wa mtaa wanavyotumwa. Atakuokotea kifungo kilichoanguka. Atakuambia soksi hizi hazilingani. Hakuna ubaya wowote, na mtoto asiyetumwa kabisa hulelewa vibaya. Ubaya unaanza pale unapomtoa kwenye mchezo, kwenye usingizi au darasani kwa sababu mwili wake umekuwa kifaa chako. Kumtuma chumvi ni malezi. Kumkosesha somo la hesabu akushike mkono hadi benki ni kumtumikisha, hata kama analifanya akitabasamu. Watoto wetu hutabasamu sana, kwa kuwa wanatupenda na wamejua mapema kwamba tunawahitaji. Kwa sababu hiyo hiyo, hawatakwambia wamechoka.

Angalieni hasa siri. Usimwingize mtoto katika chumba cha daktari awe mkalimani wa ugonjwa wako, akasikia mambo ya uzazi au majibu ya kipimo ambacho hata baba yake hajaambiwa. Usimpe nambari yako ya siri ya M-Pesa. Simu nyingi za Android zina TalkBack, sauti inayokusomea yaliyo kwenye skrini, ndani yake bila kununua. Mwombe kijana mwenye subira akuwashie na akufundishe, vaa kisikilizi sikioni, bonyeza nambari zako mwenyewe. Noti zilizotolewa 2019 zina alama za kupapasa, zifanyieni mazoezi vidoleni nyumbani kabla ya kwenda nazo Kibuye siku ya soko. Mtoto anayejua kila shilingi iliyomo ndani ya nyumba anaanza kuwaza kodi ya mwezi akiwa gredi ya pili.

Shuleni, mwone mwalimu wiki ya kwanza ya muhula, usingoje mambo yaharibike. Siku hizi kazi ya nyumbani inatumwa kama picha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na simu ikikutana na picha ya daftari mara nyingi hainong'onezi chochote. Mwombe aandike maneno au arekodi sauti. Walimu wengi hukubali wakielezwa, hawakuwa wamefikiria. Mtaala ulioanza 2019 unataka mzazi ashiriki, na wewe unaweza. Mwambie mtoto akusomee kitabu kwa sauti kila jioni. Huko siko kumfanya macho, maana anayenufaika ni yeye. Utasikia akiruka neno, utasikia akibuni mstari ambao haumo, utamwambia arudie. Daftari la mawasiliano litie sahihi kwa mkono wako, ukiweka ukingo wa kadi ngumu chini ya mstari ili kalamu isitoroke. Nenda mikutanoni. Mwanao anataka kusikia mama yake akiuliza swali mbele ya wazazi wengine.

Hili linalofuata naliandika kwa uchungu. Kuna wenzetu wanaokaa kando ya barabara mjini siku za masomo, saa nne asubuhi, na mtoto ameshika kopo. Siwahukumu. Najua njaa, na najua jinsi milango ya kazi inavyofungwa mbele ya fimbo. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shule, na mtoto huyo akikosa kusoma, umaskini uliokukalisha hapo utamkalisha naye. Kama huna budi kutoka kwenda kuomba, basi toka bila yeye. Najua ni neno gumu kuandikwa na mtu wa kwenu. Mwache darasani, ambako angalau kuna wenzake.

Njia nyingine zipo, ingawa ni nyembamba. Jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utapelekwa hospitali ya serikali ukapimwe kwanza, kisha upate kadi. Kadi hiyo ndiyo unayoonyesha ukiomba fimbo nyeupe na misaada mingine. Fedha za Inua Jamii, mpango wa msaada wa serikali, kwa wenye ulemavu mkali ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi kulea, na si kila aliyeandikishwa anazipata, lakini uliza, na ukinyimwa uliza sababu. Aliyepoteza macho akiwa mtu mzima asikae ndani akingoja mtoto akue amwongoze. Chuo cha ufundi cha Sikri kule Homa Bay ni cha wasioona na viziwi, na Machakos kuna chuo chetu pia. Ukijua kutembea kwa fimbo na kufanya kazi ya mikono, mkono wa mtoto unarudi kuwa mkono wa mtoto.

Nanyi kina baba mtakaosomewa barua hii, mke wako asiyeona hakuolewa ili mtoto wenu achukue zamu yako. Ukiwa nyumbani, msindikize wewe.

Kwa yule ambaye tayari mwanawe ndiye anayemwongoza kila mahali, usijilaumu mpaka ukashindwa kuanza. Anza na njia moja, nayo iwe ya kutoka nyumbani hadi shuleni kwake. Mtafute mtu mzima mwende naye mkiwa wawili siku ambayo hakuna masomo, barabara ikiwa na utulivu. Gonga kila ukingo kwa fimbo, ujue mtaro uko wapi, duka la posho mnalisikia upande gani, boda boda husimama kona ipi. Wajulishe madereva hao jina lako. Rudieni mpaka uijue ukiwa peke yako. Kisha mwambie mwanao kwamba tangu muhula ujao wewe ndiye utakayekuwa ukimpeleka, na akifika getini aingie akacheze na wenzake.

Wenu,
Dani
Manyatta, Kisumu